Mahafali ya Mtoto: Nani Amebaki Nje ya Tenti?

Muhula wa tatu ndio msimu wa mahafali. Kuanzia sasa hadi shule zifungwe, wazazi wengi wa kaunti hii watapokea kadi za mwaliko, ujumbe wa mchango kwenye simu, na pengine barua iliyobanwa kwa pini ndani ya daftari la mtoto ikitaja pesa za joho, keki na picha. Mtoto wa chekechea anamaliza PP2. Wa Gredi ya 6 anavuka kuingia Sekondari Msingi. Wa Gredi ya 9 anajiandaa kwenda Sekondari Pevu. Wa Kidato cha Nne anaaga shule kabisa. Kila mmoja ana sherehe yake, na kila sherehe ina mlipaji.

Somo letu katika toleo hili linaeleza sherehe hizi zilitoka wapi, ni hatua ipi ya masomo iliyo nzito zaidi siku hizi, na sheria inasema nini kuhusu pesa unazoitishwa. Lakini nianze na kisa, kwa sababu ndicho kilichonifanya niiombe nafasi hii.

Mwaka jana nilitumwa kupiga picha za mahafali ya PP2 katika kituo kimoja cha chekechea. Palikuwa na tenti mbili, maputo, spika zilizosikika hadi barabarani, na watoto thelathini na kitu waliovaa majoho ya buluu yaliyokuwa yakiburura mavumbini. Walipendeza, sitakataa. Nilipokuwa nikitafuta mahali penye mwanga mzuri, nikamwona msichana mdogo amesimama chini ya mwembe na nyanya yake. Alikuwa amevaa sare ya shule, imefuliwa ikatakata na kupigwa pasi hadi mikunjo ikaonekana. Nikamwamkia nyanya, nikamuuliza mbona mjukuu hayuko na wenzake. Akanijibu bila hasira kwamba pesa za joho zilichelewa, na wasio na majoho wameombwa wakae na wageni ili wasiharibu picha.

Picha yenyewe ilikuwa ni yangu. Nilirudi, nikaipiga, na ikachapishwa katika jarida hili kwa rangi. Wakazi wengi waliipenda. Ukiitazama leo hutamwona yule msichana, wala hutajua kwamba hayupo.

Joho na hitima

Joho la mahafali ni vazi la vyuo vikuu vya Ulaya ya kale. Wasomi wa karne za kati wengi wao walikuwa watu wa kanisa, na majumba yao ya mawe yalikuwa baridi, kwa hiyo nguo ndefu na kofia vilikuwa mavazi ya kila siku. Marekani ndiko vyuo vilikokaa chini mwaka wa 1895 vikakubaliana juu ya mitindo na rangi za majoho, na tangu hapo vazi lile likazidi kuwa alama ya mtu aliyepata digrii. Huku kwetu lilifika kupitia chuo kikuu, likateremka hadi sekondari, kisha chekechea. Leo mtoto wa miaka mitano anavalishwa nguo ambayo hapo awali mtu alipaswa kusoma miaka mingi ndipo aivae. Mimi binafsi sioni ubaya wa mtoto kuvaa joho. Ubaya naouona ni pale joho linapokuwa tiketi ya kuingilia.

Maneno tunayotumia yana historia nyingine kabisa. Mahafali asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko wa watu. Kuhitimu nako ni kukamilisha, na kwa muda mrefu Waswahili walilitumia kwa mtoto aliyemaliza kusoma Kurani chuoni, juzuu zote 30. Katika sherehe ya aina hiyo mtoto husoma mbele ya watu wazima na kusikilizwa. Mwalimu hupewa shukrani yake, majirani hula, na mtoto hupendezeshwa kwa nguo nzuri ambayo familia inaweza kuipata. Kinachosherehekewa ni kile alichokiweka kichwani.

Jamii nyingine za nchi hii nazo zilijua kuvusha watoto. Wamaasai wana eunoto, sherehe ambayo kwayo rika zima la morani huvuka kwa pamoja kwenda hatua inayofuata ya utu uzima. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliiweka, pamoja na sherehe nyingine mbili za rika, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Hapa nataka msomaji ashike neno moja: rika. Anayevushwa ni rika.

Mlima umehama

Mimi nilifanya KCPE mwaka wa 2005. Matokeo yalipotoka, nyumbani tulichinja jogoo wawili, na mjomba akaleta sanduku la bati likiwa bado na harufu ya rangi. Sherehe ile ilikuwa na sababu. Karatasi moja ya alama ndiyo iliyoamua kama ningeenda shule ya kitaifa, ya mkoa, ya wilaya, au ningebaki nyumbani. Mtihani huo ulianza mwaka wa 1985 na mfumo wa 8-4-4, na ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, watahiniwa wakiwa zaidi ya milioni 1.4. Kwa miaka hiyo yote kila mzazi wa Kenya alijua mlima uko wapi: mwisho wa darasa la nane.

Sasa mlima umehama, na sherehe hazijahama nao.

Tuanze chini. PP2 kwenda Gredi ya 1 hakuna mtihani wa taifa. Mtoto wa shule ya umma hapaswi hata kufanyiwa mtihani wa kumkubali au kumkataa. Ukifanywa, uwe ni wa kujua tu aanzie darasa gani. Cheti kinachotolewa siku ya mahafali ya chekechea ni kumbukumbu nzuri ya kuweka ukutani, lakini si kibali cha kuingilia Gredi ya 1. Karatasi atakayodaiwa mtoto wako, sasa na kila mara atakaposajiliwa kwa mtihani huko mbele, ni cheti cha kuzaliwa. Nimekutana na wazazi waliolipa joho, keki na picha ilhali cheti cha kuzaliwa hawajawahi kukifuatilia. Kama uko katika hali hiyo, funga jarida hili kwanza uanze safari ya kwenda kwa ofisi ya usajili wa vizazi. Utatukuta hapa ukirudi.

Gredi ya 6 kuna KPSEA, tathmini iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Matokeo yake hayamchagulii mtoto shule. Yanahifadhiwa, na baadaye yanachangia asilimia 20 ya alama zake za Gredi ya 9. Tangu Januari 2023 Sekondari Msingi iko ndani ya shule za msingi, kwa hiyo mtoto wengi wanaomwita "amevuka" mara nyingi atafungua mwaka katika ua uleule, akipita lango lilelile, pengine na dawati lilelile. Pongezi anastahili. Tenti mbili, sidhani.

Gredi ya 9 ndiyo yenye mteremko mkali. Hapo mwanafunzi anafanya KJSEA, inayobeba asilimia 60. Ukiongeza zile 20 za KPSEA na nyingine 20 za tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, ndipo anapangiwa shule ya Sekondari Pevu na mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza, zaidi ya wanafunzi milioni 1.1 nchini, lilifanya tathmini hiyo mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Waliokuwa na watoto katika kundi hilo watakuambia mwezi ule ulikuwaje: godoro, sanduku, sare mpya, viatu, vitabu, nauli, na ada. Ada ya juu zaidi iliyowekwa na serikali kwa shule za umma za bweni ni Sh53,554 kwa mwaka. Shule za kutwa ni nafuu, kwa kuwa serikali ya kitaifa hutoa mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi, lakini hata huko mtoto haingii na miguu mitupu.

Kisha kuna Kidato cha Nne. KCSE imekuwepo tangu 1989, na ya mwisho ya mfumo huu itafanywa 2027. Wanaoaga mwaka huu na mwakani ndio watu wa mwisho nchini watakaoitwa "fomu foo". Wakitaka kulia kidogo siku hiyo, waachwe walie.

Ukiyapanga haya yote, utaona jambo la kushangaza. Hatua isiyo na mtihani, isiyobadilisha mengi na isiyo na sanduku la kununua ndiyo yenye mahafali makubwa kuliko yote. Hatua ambapo mtoto anaweza kupotea kabisa kwa kukosa godoro na ada, tunamsindikiza kwa sala ya asubuhi na boda boda. Nadhani ni kwa sababu watoto wadogo wanapendeza kwenye picha. Barobaro wa miaka kumi na mitano hataki hata kushikwa bega.

Usiku wa prom, na wazazi waliosema ni shughuli yao

Baadhi ya shule za kibinafsi za mijini zimeanza kuandaa usiku wa prom, na vijana wetu wameuona katika filamu kiasi cha kuudhani ni sehemu ya kumaliza shule. Neno lenyewe ni kifupi cha promenade, yaani ule mwendo wa wageni kuingia ukumbini wawili wawili mwanzoni mwa dansi. Dansi hizi zilianzia vyuo vya Marekani karne ya kumi na tisa, zikashuka hadi shule za upili katika karne ya ishirini. Kwa kawaida hufanyika miezi ya Aprili hadi Juni, mwaka wao wa shule unapoelekea kumalizika. Msichana hushona au kununua gauni, mvulana hukodisha suti, na gharama hupanda kila mwaka.

Kisa ninachotaka tujifunze kinatoka mji mdogo wa Charleston, jimbo la Mississippi. Shule ya upili ya mji huo ilianza kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe mwaka wa 1970. Walikaa darasa moja, wakacheza timu moja. Lakini prom zilibaki mbili, ya weupe na ya weusi, kwa miaka karibu arobaini. Iliwezekanaje, ilhali sheria ilikataza ubaguzi shuleni? Jibu ni kwamba prom haikuwa ya shule. Iliandaliwa na wazazi, kwa pesa zao, katika kumbi walizozichagua wao. Shule ikasema si shughuli yetu. Wazazi wakasema ni shughuli yetu na tunamwalika tunayemtaka.

Mwigizaji Morgan Freeman, mkazi wa eneo hilo, alijitolea mwaka wa 1997 kulipia prom moja ya wote. Hakukubaliwa. Akarudia ahadi hiyo miaka kumi na moja baadaye, na mwaka wa 2008 wanafunzi wa Charleston wakacheza katika ukumbi mmoja kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, mwaka huohuo wapo wazazi weupe walioandaa prom ya pembeni ya watoto wao. Mwaka wa 2013 huko Wilcox, jimbo la Georgia, ni wanafunzi wenyewe walioamka wakachangisha pesa na kuandaa prom ya wote.

Rangi ya ngozi si shida ya chekechea zetu. Ila sikiliza jinsi tunavyojitetea. Nilipomuuliza msimamizi wa kile kituo kuhusu msichana aliyekuwa chini ya mwembe, aliniambia kwa upole kwamba mambo ya majoho yalipangwa na wazazi wenyewe katika mkutano wao, yeye hakuhusika. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi naye akaniambia kwamba wao walikubaliana kwa wingi wa mikono, na kamati haiwezi kumlipia kila mtu. Wote wawili walisema kweli. Na mtoto akabaki nje.

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenzangu tusikubali jibu hilo. Sherehe inapofanyika katika uwanja wa shule, kwa jina la shule, mwalimu akiita majina kutoka rejista ya shule, ni ya shule, hata kama mchango ulipita kwa simu ya mweka hazina wa kamati. Mkutano wa wazazi unaweza kuamua rangi ya keki. Kuamua ni mtoto yupi wa darasa aonekane na yupi afichwe ni jambo jingine.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Elimu ya chekechea, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba hiyo, ni kazi ya serikali za kaunti. Ndiyo maana jambo hili linaandikwa katika jarida la kaunti: vituo vya umma vya chekechea ni vyetu, walimu wake ni wetu, na lawama zake ni zetu. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Elimu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yanaweza kutozwa, lakini kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata yakiidhinishwa, mtoto hawezi kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hayajalipwa. Na yeyote anayekusanya pesa lazima atoe risiti rasmi. Ujumbe wa "imepokelewa, ubarikiwe" kwenye simu si risiti.

Msomaji makini atauliza: je, mahafali ni kuhudhuria shule? Mimi si wakili, na sijaona sheria ikitaja joho. Lakini siku hiyo walimu wako kazini, watoto wanaitwa kwa rejista, na mahali ni darasani au uwanjani. Kwa maoni yangu hiyo ni siku ya shule kama Jumanne yoyote. Mzazi ambaye hakulipia joho bado ana haki ya kumleta mtoto wake na mtoto huyo kukaa na darasa lake.

Jambo la pili linahusu vyeti. Kuna wazazi wanaoogopa kwamba wasipochangia sherehe ya kuaga, mwanao atanyimwa cheti cha mtihani wa taifa. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka wa 2012 haimruhusu mtu wala taasisi kuzuia cheti cha mtahiniwa. Hilo ni hivyo hata kwa anayedaiwa karo, sembuse keki.

La tatu ni tarehe. Mwaka wa 2016, baada ya udanganyifu mkubwa katika mitihani ya 2015, Wizara ya Elimu chini ya Waziri Fred Matiang'i ilipiga marufuku siku za maombi, siku za tuzo na kuwatembelea wanafunzi katika muhula wa tatu. Wengi walilalamika wakati huo, na mimi nilikuwa mmoja wao, kijana mwenye kalamu. Lakini sababu ilieleweka: umati wa wageni ulikuwa njia ya kupitishia mambo yasiyofaa kwa watahiniwa. Kwa hiyo ukiitwa kwa sherehe ya watahiniwa katikati ya muhula huu, muulize mwalimu mkuu kama imeruhusiwa kabla ya kutuma mchango.

Ukiona mtoto anatengwa, anza na mwalimu au msimamizi wa kituo. Usipopata jibu, nenda kwa afisa wa elimu ya chekechea wa wadi yako, au kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ikiwa ni shule ya msingi au ya sekondari. Peleka barua uliyoandikiwa na risiti kama ulipewa. Kama hukupewa, hilo nalo ni la kusema.

Sherehe inayotosha wote

Sijaandika haya ili watoto wanyimwe furaha. Mwezi mmoja baada ya kisa cha mwembe nilifika katika kituo kingine, kilichoezekwa kwa mabati yenye kutu, nikakuta mahafali ambayo sijasahau. Watoto wote walikuwa kwa sare. Kila mmoja alikuwa na kofia ya karatasi ya manila aliyoikata na kuipaka rangi mwenyewe darasani, kwa hiyo zilikuwa za kila namna. Moja ilikuwa na mkia wa kamba ya mkonge, nyingine ilikuwa na picha ya ng'ombe. Hakukuwa na keki. Kila nyumba ilileta sahani moja ya ilichonacho: mahamri, mbaazi, viazi vitamu, maembe. Aliyekosa alileta kuni, na nilimsikia mwalimu akimshukuru kwa sauti ileile aliyomshukuru aliyeleta pilau.

Kisha mtoto mmoja mmoja akaonyesha anachokijua. Mmoja alihesabu hadi hamsini, akarudi nyuma hadi sifuri bila kuulizwa. Mwingine alisoma majina ya wenzake kutoka ubaoni. Mvulana mmoja mwenye aibu alikataa kusema chochote, akachora samaki ubaoni, akapigiwa makofi kuliko wote. Picha ilikuwa moja ya darasa zima, iliyopigwa kwa simu ya mzazi na kutumiwa kila mtu. Shughuli ilianza saa tatu, saa tano watu walikuwa wanakula.

Mambo mawili niliyoyaona pale yafaa kuigwa. Kwanza, orodha ya waliochanga haikusomwa. Kuna desturi mbaya ya kutangaza kwenye spika nani ametoa elfu na nani ametoa mia, na watoto wanasikia, na watoto hawasahau. Pili, hotuba zilikuwa mbili, zote fupi. Viongozi tunaoalikwa katika mahafali ya chekechea tukumbuke kwamba mgeni wa heshima ana miaka mitano na amekaa juani tangu asubuhi. Nasema haya nikijua vizuri mshahara wangu unatoka wapi.

Shule za kibinafsi zina makubaliano yao na wazazi, na anayeweza kulipa mahafali makubwa ni haki yake. Lakini hata huko, kamati ikipiga hesabu ya watoto wote kisha ikagawanya, badala ya kumwachia kila mzazi mzigo wa joho lake, hakuna atakayejua nani alilipiwa na nani.

Hesabu ya shilingi kumi

Tuseme joho linakodishwa kwa Sh500, keki ni Sh300, picha Sh200 na cheti Sh150. Hiyo ni Sh1,150 kabla ya viatu vipya na nauli ya shangazi. Mzazi anayeishi kwa kibarua anaweza kukopa pesa hizo ili mtoto asiaibike, na najua wanaokopa.

Sasa tuseme mzazi huyohuyo, mtoto akiingia Gredi ya 1, anaanza kuweka Sh10 kila siku katika chama au akiba ya simu. Kwa mwaka ni Sh3,650. Mtoto akimaliza Gredi ya 9, miaka tisa baadaye, ni Sh32,850. Haimalizi ada ya shule ya bweni ya juu, lakini inanunua godoro, sanduku, sare na viatu, na inabaki. Najua pia kwamba kuna nyumba ambazo Sh10 ni bei ya chumvi ya leo. Kwa nyumba hizo kuna basari za kaunti na za NG-CDF, na fomu zake hutaka karatasi ambazo huchukua muda kupatikana: nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule, na cheti cha kifo kwa yatima. Zikusanye sasa, wakati mtoto bado anafanya tathmini. Mzazi anayeanza kuzitafuta Januari huwakuta wenzake wamemaliza foleni.

Kama familia inataka kumfanyia mwana wa Gredi ya 9 karamu, na iwe. Ila wageni waambiwe mapema kwamba zawadi inayotakiwa ni vitu vya shule. Shangazi alete shuka, mjomba ndoo na sabuni, jirani kalamu na madaftari. Katika harusi tunajua kuandika orodha kama hiyo. Na kwa mwanafunzi tujue.

Kwa wa Kidato cha Nne sina mengi. Karatasi ya mwisho ikiisha wataandikiana majina kwenye mashati kwa kalamu za wino, na shati hilo litahifadhiwa kabatini miaka ishirini. Waacheni. Kinachohitaji macho ya mzazi ni sherehe ya usiku ambayo mwenyeji wake hajulikani na tiketi yake inauzwa kwa simu. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na watahiniwa wengi bado wako chini ya umri huo. Kama vijana wanataka usiku wao wa muziki na gauni, wapewe ukumbi wa shule, walimu wawili, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na gari la kuwarudisha nyumbani. Na kiingilio kiwe ni kuwa mmoja wa darasa.

Yule msichana wa chini ya mwembe sasa yuko Gredi ya 1. Nilimtembelea nyanya yake mwezi uliopita kuomba radhi kwa ile picha, akanikaribisha chai na kuniambia mtoto anasoma vizuri. Nilikuwa na kamera. Nilimpiga picha moja akiwa na sare yake mpya, nikaisafisha, nikampelekea nyanya ikiwa kwenye fremu. Hiyo haikuchapishwa.

Kwa vituo vitakavyotualika mwaka huu: tutakuja. Mpiga picha atamwomba mwalimu rejista kwanza, ahesabu watoto waliohudhuria, kisha ahesabu waliopanga mstari mbele ya kamera. Hesabu mbili zisipolingana, tutangoja.